Kinga Mbili, Kompyuta Moja

Jina la Mama Beji hakupewa na wazazi. Alipewa na wateja, likamkaa kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo cha kichwa chake. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akidarizi beji za sare: za shule, za vyuo, za walinzi wa mageti, za kwaya, hata za timu moja ya mpira ambayo haijawahi kushinda mechi lakini ilitaka beji yenye simba wawili na ngao. Kazi aliifanyia sebuleni. Upande wa dirishani ilikaa mashine ya kudarizi, yenye sindano sita na mlio kama mvua juu ya bati. Upande wa pili, juu ya meza ambayo zamani ilikuwa ya chakula, ilikaa kompyuta. Nyumba nzima ilikwisha kuzoea kula sahani zikiwa mapajani.

Waliodhani mali yake ni ile mashine walikosea. Mashine ikiharibika huitiwa fundi. Mali yake ilikuwa michoro. Kila beji, kabla haijashonwa, huhitaji mchoro wa kuiambia sindano ipite wapi, ipige mishono mingapi, ibadilishe uzi mahali gani, na mchoro mmoja mzuri ungeweza kumlia siku tatu. Alikuwa nayo mia sita thelathini na minane, kila mteja na folda yake. Shule ikirudi mwaka unaofuata na kusema "kama ile ya mwaka jana," yeye hufungua folda, basi. Bila michoro angeanza upya na kila mmoja, na mteja wa beji hana subira. Ukimwambia aje wiki ijayo, huyo kavuka barabara.

Ndipo siku moja mwalimu wa michezo akaja na flashi yake, imefungwa kwenye kamba moja na filimbi, akitaka herufi mbili zibadilishwe katika beji ya timu. Mama Beji akaichomeka, akanakili alichotaka, akamrudishia. Kesho yake asubuhi folda zote zilikuwa zimegeuka vipicha vidogo vyenye mshale uliopinda, na kila alichobonyeza hakikufunguka. Alikaa kwenye kigoda mpaka chai ikaota utando.

Aliyemwokoa ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi simu. Kila mtu alimwita Chaja kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila waya wa chaja shingoni. Mumewe mwenyewe alikuwa fundi wa mitambo ya maji, kazi ya kulala ugenini, nyumbani akaonekana mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mambo yote ya umeme, televisheni na kompyuta yalikuwa ya Chaja. Akaandika maneno machache kwenye dirisha jeusi la kompyuta, folda zikarudi moja moja, kama kuku wanaoitwa bandani.

"Kirusi hiki kina adabu, shemeji," alisema. "Kimekufichia tu. Wapo wengine hawafichi, wanakula."

"Wanakula nini?"

"Kila kitu. Wanakuachia ile picha ya maua ya skrini tu, uitazame."

"Nifanyeje, basi?"

"Weka antivairasi. Nyumba ina mlango, huna mlinzi, unategemea nini? Sura yako?"

"Sura yangu ina ubaya gani?"

"Haina ubaya. Lakini kirusi hakioni."

Mama Beji alicheka, lakini usiku huo hakulala vizuri. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akihofia moto, wezi na bomba la maji kupasuka. Hakujua kwamba kazi yake yote inaweza kutoweka huku nyumba imesimama, milango imefungwa na yeye mwenyewe yupo anaangalia.

Yeye alikuwa mtu wa kupima. Uzi hakuununua kwa maneno ya muuzaji. Alikata urefu wa mkono, akachoma ncha kwa kiberiti na kunusa, akaloweka kwenye maji ya sabuni, akaanika juani siku tatu, kisha akaandika kwenye daftari: *Nyekundu ya duka la kona, inachuja. Buluu ya yule mzee, nzuri, ila hukatika mashine ikienda mbio.* Sasa akafungua ukurasa mpya, akaandika juu yake: *Kinga ya kompyuta.* Akaenda kumuuliza mwenye duka la vifaa vya ofisi ni ipi bora.

"Zote nzuri, mama. Inategemea mfuko wako."

Alipofika nyumbani akaandika: *Hajui.*

Alikusudia kuzijaribu moja baada ya nyingine, kila moja wiki mbili. Lakini nyumba yenye watu haikuachii upange mambo kama uko peke yako. Jumapili Chaja alikuja na ya kwake, akaiweka bila hata kukaa.

"Hii ya wakubwa," alisema. "Watu wanailipia kila mwaka. Wewe umeipata bure."

"Bure kivipi?"

"Shemeji, ukipewa lifti unauliza bei ya mafuta?"

Hakuuliza. Ilipomaliza kujiweka, ilimwonyesha ngao ya kijani pembeni mwa skrini, naye akaona ngao ile inapendeza.

Wiki ile ile binti yake alimsimulia mumewe habari za flashi ya mwalimu. Huyo mkwe alikuwa karani wa ofisi ya bima, mtu mpole, shati limepigwa pasi hadi kola. Miaka miwili tangu harusi, yeye na mama mkwe hawakuwahi kuzungumza moja kwa moja kupita salamu. Hakuna aliyewakataza. Siku ya kwanza tu mkwe alikaa ukingoni mwa kiti, akaelekeza macho kwenye kalenda ya ukutani, akasema, "Mwambie mama chai ni tamu." Binti akageuka: "Mama, chai ni tamu." Naye Mama Beji, kwa kutaka kumstahi, akajibu, "Mwambie ipo nyingine." Tangu hapo wakawa hivyo hivyo, wote watatu sebule moja, binti katikati akigeuza shingo kulia na kushoto, na kila mmoja akiona haya kuwa wa kwanza kuacha.

Mkwe akanunua zawadi: kinga ya virusi ya mwaka mzima, ndani ya boksi dogo lenye kadi na namba za siri. Akampa mkewe aipeleke, kisha akampigia simu akiwa ofisini ili amwelekeze namna ya kuiweka. Binti alisimama nyuma ya kiti cha mama yake, simu sikioni.

"Anasema fungua mtandao... Ndiyo. Andika hizo namba... Tayari." Kisha akasikiliza kwa muda mrefu zaidi, akamtazama mama yake kisogoni, akatazama ngao ya kijani pembeni mwa skrini. "Ndiyo," alisema kwenye simu. "Ndiyo, nimesikia." Akamgeukia mama: "Anasema tunaiongeza. Bonyeza Endelea."

Skrini ikatoa onyo kwamba kuna kinga nyingine ndani. Chini yake palikuwa na maneno *Endelea hata hivyo*.

"Na hii ya baba yako mdogo?" Mama Beji aliuliza.

"Ibaki tu, mama. Mlango kuwa na makufuli mawili kuna ubaya gani?"

Lilikuwa neno la kueleweka. Isitoshe, kuondoa ya Chaja kungemlazimu kumweleza Chaja, na kuikataa ya mkwe kungemlazimu kumweleza mkwe. Alibonyeza. Katika daftari aliandika tu: *Mbili. Tuone.*

Aliyoyaona aliyaandika. Jumatatu kompyuta ilichukua dakika nne kuwaka. Jumanne dakika kumi na moja, na feni yake ikavuma kama inapanda mlima na mzigo. Chaja alipopita alisema kosa ni la ile ya mkwe, imenona mno. Binti kwenye simu alisema mumewe anauliza kama mambo ni shwari, na Mama Beji akasema amwambie ni shwari, anashukuru. Nani angeanza kulalamikia zawadi siku ya tatu?

Jumatano asubuhi alikaa kumalizia kazi ya chuo cha afya. Beji sitini za wauguzi zilikuwa tayari ndani ya mfuko. Zilibaki arobaini za wakunga, zenye mchoro wake mwenyewe, na zote zilitakiwa kesho saa sita mchana. Akafungua folda ya chuo, haina kitu. Akafungua ya shule ya jirani, haina kitu. Akafungua ya timu ya simba wawili, nayo tupu. Alikuwa bado ameshika kipanya pale kidirisha chekundu kilipojitokeza katikati ya skrini. Ilikuwa kinga ya mkwe. Ilisema imegundua vitu vya hatari vilivyofichwa, idadi 638, na kwamba itavifuta vyote baada ya dakika kumi. Chini kulikuwa na kitufe kimoja kikubwa, *Futa sasa*, na kingine kidogo, *Maelezo*. Pembeni saa ilikuwa ikihesabu kurudi nyuma.

Mia sita thelathini na minane. Namba hiyo aliijua kama alivyojua umri wa mwanawe.

Alibonyeza *Maelezo*. Ikaja mistari mirefu ya Kiingereza na namba, na kompyuta ikakwama hapo, kishale kikizunguka, saa ikiendelea.

Alimpigia binti. Simu iliita mpaka ikakata. Binti alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia hospitalini, na huko simu hubaki kabatini hadi zamu iishe. Akampigia Chaja.

"Bonyeza Futa, shemeji!" Chaja alipiga kelele juu ya redio ya kibandani. "Hiyo ya mkwe wako inataka ionekane inafanya kazi. Futa, iende zake!"

"Lakini idadi ni ya michoro yangu."

"Imetokea tu. Namba ni namba."

"Mia sita thelathini na nane kamili?"

"Shemeji, nina mteja hapa simu yake imeingia maji. Futa, jioni nakuja."

Alimshukuru, akakata. Dakika saba. Hakuwa mtu wa kumwona mwenzake mjinga, na Chaja ndiye aliyezirudisha folda mara ya kwanza. Ila alijua jambo moja: Chaja hakuwa ameona anachokiona yeye. Nyuma kabisa ya daftari, kwa mwandiko wa binti, palikuwa na namba ya mkwe: *ikitokea dharura.* Hakuwahi kuipiga. Alijipangusa mikono kwenye khanga, kana kwamba mkwe angeiona, akapiga.

"Halo, bima, nikusaidie?"

"Ni mimi. Mama wa mkeo."

Akasikia kiti kikiburuzwa sakafuni. Mkwe alikuwa amesimama.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Mkwe, kompyuta inasema itafuta vitu mia sita thelathini na vinane, na hiyo ndiyo michoro yangu yote. Zimebaki dakika sita."

"Pole sana, mama. Sasa... yaani, mama, kama usingeona vibaya, na kama nafasi ingekuwepo, labda ingefaa, sisemi lazima, kujaribu kutazama kama kuna uwezekano..."

"Tano."

"...kwa ruhusa yako, mama, mimi sina haki ya kukuelekeza ndani ya nyumba yako, lakini pengine..."

"Mkwe!" Mama Beji hakuwahi kumpandishia mtu sauti kwa simu. "Mkeo hayupo. Tuko wawili tu. Niambie kama unavyomwambia mtu wa ofisini kwako."

"Zima!" alisema mkwe. "Usibonyeze kitu. Chomoa waya ukutani!"

Akauchomoa. Skrini ikawa nyeusi, feni ikashuka sauti ikanyamaza. Mle sebuleni akabaki yeye, mashine ya kudarizi, na simu ambayo mtu wa upande wa pili alikuwa akihema kama aliyepanda ngazi.

"Nisamehe, mama," alisema mkwe.

"Kwa lipi? Njoo."

Alifika kabla ya saa nne, ameomba ruhusa kazini, shati limelowa mgongoni. Safari hii hakukaa ukingoni mwa kiti. Kompyuta ilikuwa na kiti kimoja na kigoda kimoja, Mama Beji akampa kiti, yeye akaketi kigodani ubavuni mwake. Ikawa rahisi kuliko walivyodhani, kwa sababu wote wawili walitazama skrini na hakuna aliyelazimika kumtazama mwenzake.

Kwanza alichomoa waya wa intaneti. Kisha akaiwasha kompyuta kwa ile hali ya tahadhari, ambayo huamsha vitu vya lazima tu na kuacha vingine vilale, na jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kuiondoa zawadi yake mwenyewe. Mama Beji aliona. Baadaye akachimba ndani ya kinga ya Chaja mpaka akafika mahali inapofungia inavyovishuku.

"Hii hapa, mama. Ya baba mdogo ilikuta mabaki ya kile kirusi ndani ya folda zako. Badala ya kuchagua, ikazoa vyote, ikafungia humu. Halafu ile yangu ikaikuta na furushi."

"Mlinzi wa kwanza kamkamata mgeni, kamnyang'anya mkoba," Mama Beji alisema polepole. "Wa pili kamkuta wa kwanza na mkoba, kamwita mwizi."

"Hivyo hivyo. Na mkoba ni wako."

"Na mimi ningebonyeza Futa..."

"Ingeuchoma."

Akabonyeza *Rudisha vyote*. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Waliutazama kwa dakika ishirini, kama watu wanaosubiri maji yachemke. Ulipofika mwisho, Mama Beji alifungua folda ya chuo cha afya, kisha ya shule, kisha ya simba wawili. Akahesabu kwenye kona ya dirisha: 638. Hapo tu ndipo aliponyanyuka kwenda kuleta maji ya kunywa.

"Ila nilimwambia," mkwe alisema aliporudi, bado akitazama skrini. "Nilisema ya baba mdogo iondolewe kwanza. Mbili hazikai pamoja."

"Mimi niliambiwa tunaiongeza."

Wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo. Wala hawakuhitaji kusema aliyeuacha ujumbe njiani.

Mashine ikaanza kupiga mvua yake. Kila beji ya wakunga ilichukua dakika kumi, na mkwe hakuondoka. Alipewa mkasi mdogo akate nyuzi zinazoning'inia nyuma.

"Si hapo, baba," Mama Beji alimwambia. "Ukikata karibu hivyo itafumuka. Acha kidogo."

"Hivi?"

"Hivyo. Na hiyo ya kwanza nipe, umeshaiua."

Binti aliingia jua likielekea kuzama, viatu mkononi, akasimama mlangoni. Mumewe alikuwa anasimulia habari za mteja wa bima aliyedai fidia ya mbuzi mara mbili, na mama yake alikuwa anacheka mpaka anafuta macho.

"Kuna nini hapa?" aliuliza.

Wakamweleza. Alijitupa kwenye kochi, akafunika uso kwa mikono.

"Ningesemaje?" alisema ndani ya viganja. "Nimwambie mama, mkweo anaamuru kazi ya baba mdogo itupwe? Na baba mdogo akisikia? Mngenila nyama mimi."

"Ungesema kama ulivyotumwa," alisema mumewe.

"Wewe nyamaza. Ungemwambia mwenyewe."

Mama Beji alimsogezea binti mkasi wa pili. Beji ya arobaini ilitoka kwenye fremu kabla ya taarifa ya habari, na kesho yake saa tano na nusu mfuko ulikuwa mezani kwa mhasibu wa chuo.

Lakini kinga bado alikuwa hana, na safari hii hakukubali kuharakishwa. Aliita kikao Jumamosi. Chaja alikuwepo kwa lazima, maana Mama Beji hakupenda kuhukumu kitu cha mtu naye hayupo. Michoro yote ilikwisha nakiliwa kwenye diski ya pembeni na kuwekwa kwenye droo ya nyuzi. Alikuwa amemwomba mwalimu wa michezo ile flashi yake, kirusi na filimbi na vyote, akaiweka mezani juu ya kitambaa kana kwamba inauma.

"Uzi huwa naupima kwa moto na sabuni," alisema. "Leo moto ni huu. Moja moja."

Walianza na ya Chaja. Flashi ikachomekwa. Ngao ya kijani ikatulia pale pale, inapendeza. Dakika ikapita, mbili, tatu. Folda za flashi zilianza kugeuka vipicha vya mshale.

"Inafikiria," alisema Chaja.

"Imelala," alisema mkwe taratibu. "Baba mdogo, tazama hapa. Mara ya mwisho kupata habari za virusi vipya ni miaka miwili iliyopita. Namba zake za siri zilishazuiwa. Virusi vya zamani inavijua, ndiyo maana ilizoa yale mabaki yaliyokufa, lakini hiki kilicho hai inakipigia saluti."

Chaja alivuta waya wake wa shingoni huku na huku. "Mimi niliinyakua mahali," alisema. "Hata yangu ya kibandani ndiyo hiyo hiyo."

"Hata uzi mzuri ukikaa sana dukani huoza," Mama Beji alisema. "Uliileta kwa mkono mwema, shemeji." Akaandika: *Ya Chaja: imeoza.* Kisha akafuta jina, akaandika *Ya kwanza.*

Wakasafisha, wakaweka ya mkwe. Flashi haikumaliza hata kuingia, kidirisha kikaruka na kukamata kirusi. Chaja akapiga kofi moja. Ila Mama Beji alipofungua programu yake ya kugeuza picha kuwa mishono, ile iliyomlisha miaka yote, kidirisha kikaruka tena na kuifungia nayo. Waliiambia iiache. Ikaiacha. Wakawasha upya, ikaifungia tena.

"Inahitaji kufundishwa," mkwe alisema. "Mtu akikaa nayo..."

"Nani atakaa nayo?"

Mkwe aliondoa ya kwake mara ya pili wiki hiyo, akawasha ile iliyokuja na kompyuta tangu dukani, ambayo ya Chaja iliizima ilipoingia na hakuna aliyeikumbuka. Akaiacha ipate habari mpya kwa nusu saa. Kisha flashi. Kirusi kikakamatwa bila kelele, ujumbe mmoja mdogo kwenye kona. Programu ya mishono ikafunguka. Wakawasha upya, ikafunguka tena. Walirudia mara tatu, kwa sababu Mama Beji alisema moja ni bahati.

"Kwa hiyo ilikuwemo humu humu," alisema Chaja. "Tumeleta walinzi, kumbe mwenye nyumba yupo, tumemfungia stoo."

Mkwe alikuwa akikunja kile kiboksi cha kadi kwa vidole. "Mama," alisema, "mimi nilijua kwamba hii ingeweza kutosha. Kazini tunatumia hii. Lakini nilitaka nije na kitu mkononi."

Mama Beji aliandika: *Ya tatu. Inatosha. Iwe na habari mpya kila wiki. Flashi ya mtu isiingie kabla haijakaguliwa, hata akiwa na haraka.* Alifunika kalamu. Ilikuwa rahisi kusema asante na kuacha hapo, na zamani angemwambia binti aseme hivyo kwa niaba yake. Alimtazama mkwe usoni.

"Hiyo ya kwako weka kwenye kompyuta yenu, isipotee. Mimi nina shida nyingine, na nilikuwa sijui nimwombe nani. Nakala yangu iko kwenye droo, na droo iko ndani ya nyumba hii. Nyumba ikiungua, vyote vimeungua. Niletee diski ya pili, kisha ikae kwako. Mwisho wa mwezi unakuja nayo, tunajaza mapya, unarudi nayo."

"Michoro yote ikae kwangu?"

"Yote."

Mkwe alikaa wima kwenye kiti, akaweka kile kiboksi chini. "Ya ukubwa gani, mama?" aliuliza, na Mama Beji akavuta kigoda karibu ili wasome pamoja kwenye skrini.